Ile Kambi Ilikuwa ya Nani?

Kama umewahi kukaa kimbweta na watu wanane mkifanya kazi ya kundi, picha hii unaijua. Wawili wanaandika. Mmoja anachaji simu. Mmoja kaja na chipsi. Mwingine anauliza, "Kwani swali linasemaje?" na kesho ndiyo siku ya kukusanya. Watatu waliobaki wako kwenye grupu la WhatsApp, wanatuma vidole gumba. Asubuhi majina manane yanachapwa kwenye jalada, namba za usajili pembeni, na maksi zinakuwa sawa kwa wote. Sisi tunasema hao wengine "wanabebwa", na uchambuzi wetu unaishia hapo.

Hata mimi nilikuwa naamini hivyo, kwamba kundi likifa basi limeuawa na wavivu. Halafu mwaka jana nikaenda TP, nikakuta kundi la watu wazima, walimu walioajiriwa, wenye bidii kunizidi mimi, nalo linakufa vilevile. Nilirudi chuo nikiwa na maswali, nikaanza kutafuta vitabu. Makala hii ni mchanganyiko wa hivyo vitabu na yale niliyoyaona kwa macho. Nasoma ualimu, kwa hiyo mfano wangu mkubwa ni wa shule, ila nadhani anayekwenda field benki, hospitalini au halmashauri atajikuta humohumo.

Shule ilikuwa sekondari ya kata, sitaitaja. Wiki ya kwanza tu tulipofika, mimi na mwenzangu wa chuo, matokeo ya moko ya kidato cha nne yakatoka. Wanafunzi 118, waliopata sifuri 41. Mkuu wa shule aliitisha kikao siku hiyohiyo, ikaamuliwa iwekwe kambi. Wazazi wachange mahindi, maharage na hela kidogo, wasichana walale kwenye madarasa mawili ya mwisho, na vipindi viendelee mpaka saa 3 usiku. Kamati ya kambi ilikuwa na watu saba: Mkuu, mwalimu wa taaluma, Madam wa Kiswahili, mwalimu wa Hisabati, matroni, na sisi wawili wa field.

Naomba msomaji ulielewe hili vizuri: hakuna aliyekuwa mvivu. Mwalimu wa taaluma alitengeneza ratiba nzuri mpaka tukaipiga picha. Mwalimu wa Hisabati alikuwa anaingia saa 11 alfajiri na tochi. Matroni alihesabu wasichana kila usiku, jina kwa jina. Mimi nilisahihisha majaribio ya Historia ya kila Jumamosi mpaka kidole kikaota sugu. Ungepita pale usiku ukaona taa zinawaka, ungesema hii shule imeamka.

Kulikuwa na binti mmoja aliyekaa nyuma, karibu na dirisha lisilo na kioo. Wiki ya pili alinifuata na karatasi ya Historia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi hili swali sijui linauliza nini." Nikadhani hajui jibu. Kumbe hakuweza kusoma swali lenyewe, kwa sababu Kiingereza chake kiliishia kwenye maneno ya kawaida. Nilimweleza lile swali moja, nikamwambia nitamuunganisha na mwalimu anayeshughulika na wenye matatizo ya namna yake. Nikaenda kumtafuta huyo mwalimu.

Mwalimu wa Hisabati alisema hao wanachukuliwa na taaluma jioni. Mwalimu wa taaluma akasema hao ni wa walimu wa madarasa, wameshaelekezwa. Walimu wa madarasa hawakuwa kwenye kamati, na hawakuwa na habari. Madam wa Kiswahili akanitazama kwa mshangao: "Si ndiyo kazi mliyopewa ninyi wa field?" Yaani kila mtu alikuwa na uhakika kwamba kuna mtu anaifanya, na huyo mtu hakuwepo.

Jumatatu ya wiki ya tatu kiti cha yule binti kilikuwa kitupu. Kilikaa kitupu mpaka Alhamisi ndipo matroni akauliza, kwa sababu alikuwa amepewa ruhusa ya kwenda kuchukua sabuni nyumbani na hakurudi. Madam wa Kiswahili akamfuata kwao jioni. Alimkuta anakaanga maandazi na bibi yake. Alipomuuliza kwa nini ameacha kambi, binti alijibu kwa adabu tu, "Shikamoo Madam. Mimi sio wa kambi. Kambi ni ya wale wa mbele."

Kesho yake Madam aliomba kikao. Hakugomba. Aligawa vipande vya karatasi, akasema, "Naomba kila mmoja aandike sentensi moja, hii kambi ni ya nini. Msitazamiane." Tukacheka kidogo, kwa sababu ni sisi tunaowaambia wanafunzi wasitazamiane. Kisha akazisoma zote kwa sauti.

Mkuu aliandika: kufuta sifuri. Mwalimu wa taaluma: kupata daraja la kwanza zisizopungua 10, shule ijulikane wilayani. Hisabati: kumaliza mada ambazo hazijafundishwa. Matroni: watoto, hasa wasichana, wawe mahali salama kipindi hiki. Mwenzangu wa field aliandika ukweli wake, kupata uzoefu, na nikamheshimu kwa hilo. Madam mwenyewe: kila mtoto aweze kuusoma mtihani wake. Mimi niliandika, "Kuwasaidia wanafunzi kufaulu." Naona aibu mpaka leo. Ni sentensi ambayo ningeweza kuiandika nikiwa nimelala.

Sasa tulia hapa kidogo, maana somo lote liko kwenye vile vipande vya karatasi.

Hakuna kati ya malengo hayo lililo baya. Lakini kila moja linataka kitu tofauti kufanyika saa 1 usiku. Ukitaka kufuta sifuri, mwalimu mzuri kuliko wote anakwenda kwa wale 41. Ukitaka daraja la kwanza 10, anakwenda kwa wale wa mbele. Ukitaka kumaliza mada, anakwenda ubaoni na anafundisha haraka, aliyeachwa kaachwa. Ukitaka usalama, unaweza hata usifundishe, mradi geti limefungwa. Watu saba na wiki zilizobaki haviwezi kufanya yote hayo kwa kiwango kimoja. Kwa hiyo kila mwalimu alikuwa anafanya kambi yake, kwa bidii, chini ya paa moja. Na kwa kuwa wale wa mbele ndio wanaouliza maswali na kujibu, wote bila kujua tukawa tunavutwa kwao. Binti alikuwa ameielewa kambi kuliko kamati.

Nilipozama maktaba nikakutana na J. Richard Hackman, profesa wa Harvard aliyetumia miaka mingi kuchunguza timu za kazi, kuanzia marubani wa ndege hadi okestra. Katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu uongozi wa timu, anasema timu inahitaji kwanza iwe timu kweli, halafu iwe na mwelekeo unaovuta. Mwelekeo huo uwe na sifa tatu: uwe wazi, uwe mgumu kiasi cha kuwafanya watu wajinyooshe, na uwe na uzito, yaani ukishindikana kuna mtu anaumia. Kuna jambo jingine analosisitiza ambalo sikulitegemea. Kiongozi ataje kwa ukali mwisho unaotakiwa, lakini njia ya kufika awaachie watu wenyewe. Wengi wetu, nikiwemo mimi nilipokuwa kiongozi wa kundi mwaka wa pili, tunafanya kinyume. Tunagawa njia ("wewe andika utangulizi, wewe hitimisho, wewe chapa") na mwisho hatuutaji kabisa.

Kuhusu "iwe timu kweli", Hackman na wenzake waliangalia takribani timu 120 za viongozi wa juu katika nchi mbalimbali, wakawauliza wajumbe nani yumo kwenye timu yao. Timu ambazo wajumbe walikubaliana hata hilo tu hazikufika asilimia 10. Nikakumbuka walimu wetu wa madarasa, waliokuwa wanatajwa kwenye mipango bila kuwepo kwenye kamati.

Mfano mwingine ni wa kamba. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliwapa watu kamba wavute, mmojammoja na kisha kwa makundi, akapima nguvu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Wawili wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa karibu asilimia 93 ya nguvu aliyotoa akiwa peke yake. Watatu, 85. Wanane, asilimia 49 tu. Wanane! Kundi letu la kimbweta kamili. Sehemu ya upotevu huo ni kutovuta kwa wakati mmoja, lakini mwaka 1974 watafiti wengine walirudia jaribio wakamfunga mtu macho na kumfanya aamini kuna wengine nyuma yake wanaovuta, kumbe yuko peke yake, na bado akalegea. Kwa hiyo ukiamini kuna wengine, mkono unalegea wenyewe, hata kama wewe si mvivu. Ndicho kilichotokea kwa yule binti. Alikuwa anavutwa na watu saba ambao kila mmoja aliamini sita wengine wameishika kamba.

Mara nyingi dawa inayotolewa kwa hali hiyo ni kuwapatanisha watu: tufanye tafrija, tukae pamoja, tuvae fulana za rangi moja. Muzafer Sherif alilijaribu hilo mwaka 1954 huko Oklahoma, Marekani, katika utafiti ambao leo sidhani kama kamati yoyote ya maadili ingeuruhusu. Aliwapeleka kambini wavulana 22 wa miaka 11 na 12, akawagawa makundi mawili, akawashindanisha mpaka wakachomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Kisha akajaribu kuwapatanisha kwa kuwalisha pamoja na kuwaonyesha filamu pamoja. Wakarushiana chakula. Kilichowatuliza ni matatizo ambayo kundi moja lisingeyaweza peke yake: maji ya kambi yalikatika ikabidi wote watafute hitilafu, na gari la chakula likakataa kuwaka ikabidi wote walivute. Walilivuta kwa kamba ileile waliyokuwa wameishindania kwenye mchezo wa kuvutana. Urafiki ulikuja baadaye, baada ya gari kuwaka. Ukiniuliza mimi, hela nyingi za "kujenga umoja kazini" zingeokolewa kama watu wangeanza na gari badala ya tafrija.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kwetu, na nashangaa kwamba hata wanaosoma elimu ya watu wazima wanaupita haraka. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza kipindi cha redio, kusoma kijitabu, kujadiliana, na kuamua la kufanya. Inakadiriwa walioshiriki walifika milioni 2. Viongozi wa vikundi, makumi ya maelfu, walifunzwa kwa ngazi, kutoka taifa kushuka hadi vijijini. Wengi wao hawakuwa wataalamu wa afya hata kidogo.

Sasa jiulize, watu milioni 2 unawaunganishaje bila simu, bila grupu, barabara zenyewe zile? Ukiwaambia "tuboreshe afya" wataitikia na kurudi shambani. Kampeni ilichukua maradhi machache yanayozuilika, malaria, kichocho, kuhara damu, minyoo, kifua kikuu, na kila moja likafungwa kwenye tendo la nyumbani kwa mtu. Fukia madimbwi. Fyeka majani yanayozunguka nyumba. Chimba choo. Kikundi kikitoka mkutanoni kilijua wiki hii kinafanya nini, na Jumapili ungepita ungeona kimefanyika au la. Shimo lipo au halipo. Vyoo vilichimbwa kwa wingi sana. Miaka miwili kabla kulikuwa na kampeni nyingine ya redio, Wakati wa Furaha, ya kuadhimisha miaka 10 ya uhuru. Iliwafundisha watu kuhusu nchi yao, lakini haikuwa na shimo la kuchimba. Waandaaji walijifunza humo namna ya kuendesha vikundi, na kwenye Mtu ni Afya wakaongeza tendo.

Linganisha na ofisi nyingi unazoingia leo. Ukutani kuna fremu mbili, Dira na Dhima. "Kuwa taasisi bora yenye kutoa huduma bora kwa ufanisi." Ukiihamisha fremu hiyo kutoka idara ya maji ukaipeleka kwenye chuo cha ufundi, hakuna atakayegundua. Mimi sisemi dira hazina kazi, mipango ya miaka mitano inazihitaji. Ninachosema ni kwamba mtu hawezi kuitazama ile fremu saa 4 asubuhi akajua kati ya mafaili mawili yaliyo mezani aanze na lipi. Sentensi yangu ya "kuwasaidia wanafunzi kufaulu" ilikuwa fremu. Kipimo ninachokitumia siku hizi ni hicho tu: je, hili lengo linaniambia niache nini? Kama haliniambii cha kuacha, bado sijalipata.

Turudi kwenye kikao, maana kusoma vipande vya karatasi lilikuwa jambo rahisi.

Kilichofuata kilikuwa kigumu na si kizuri sana kukisimulia. Mmoja wetu alisema kama lengo ni kufuta sifuri, njia fupi ni kuwashauri wale 41 wakae nyumbani, wasije kwenye mtihani. Hawakufanya, hawakufeli. Alisema kama utani, lakini kikao hakikucheka. Hapo nikajifunza kitu ambacho kwenye kitabu kilinipita: lengo linaweza kuwa wazi kabisa na likawa baya. "Kupunguza sifuri" unaweza kuifikia kwa kumfundisha mtoto au kwa kumfukuza. Namba zinatoka zilezile. Kwa hiyo maneno yenyewe yana kazi, nani ametajwa ndani ya sentensi na nani hayumo.

Tulikaa kama saa mbili. Mwisho Madam akaandika ubaoni: kila mmoja kati ya hawa 41 apate angalau D mbili. Na chini yake akaandika majina yote 41.

Kwa asiyejua, kwenye mtihani wa kidato cha nne D mbili zinatosha kukutoa sifuri na kukupa daraja la nne. Ni kiasi kidogo, na hakuna shule inayoweka bango la daraja la nne getini. Lakini angalia sentensi ile ilichofanya. Hisabati iliondoka kwenye ratiba ya wengi wa hao 41, na aliyependekeza iondoke ni mwalimu wa Hisabati mwenyewe. Kiswahili kikawa cha wote, kwa sababu ndilo somo ambalo swali lake wanaweza kulisoma. Somo la pili kila mwanafunzi akachagua. Majina yakagawanywa, kila mwalimu na wake, na walimu wa madarasa wakaitwa siku hiyohiyo wakapewa wao. Mimi nikapata wanne waliochagua Historia, yule binti akiwa mmojawapo. Jinsi ya kuwafundisha hakuna aliyeniambia. Nilianza kwa kuwafundisha maneno kumi na tano ya Kiingereza yanayorudi kwenye kila swali, kama taja, eleza, fafanua, linganisha, halafu ndiyo tukaingia kwenye Historia yenyewe.

Na kuna aliyelipia. Wale wa mbele walipewa chumba, funguo, mitihani ya miaka ya nyuma, na Jumamosi asubuhi tu ya kukutana na mwalimu. Mwalimu wa taaluma hakufurahi. Alisema waziwazi kwamba tunawanyima wenye uwezo ili tuwasukume wasioweza, na sidhani kama alikuwa anakosea kwa upande wake. Alichofanya, na ndiyo maana namheshimu, ni kuchukua majina saba na kuyafanyia kazi kama wengine. Nimesoma watu wakiandika kana kwamba lengo la pamoja ni lile ambalo wote wanalipenda. Pale halikuwa hivyo. Lilikuwa ambalo wote walikuwepo lilipoandikwa, wote walisema yao, na hakuna aliyebaki na lake mfukoni.

Kitu kingine kilichonifurahisha siku ile ni suala la nauli. Mwalimu mmoja anayekaa mbali aliuliza vipi kuhusu nauli ya saa 3 usiku, Mkuu akaanza kusema tuko hapa kwa ajili ya watoto, tuweke utaifa mbele. Madam akamkatiza kwa upole: "Mkuu, ni kweli kabisa, lakini lengo halipandi bodaboda." Ikatolewa kwenye michango ya wazazi. Nalitaja kwa sababu tukihitimu tutakutana na maofisi ambako kila ukiuliza posho, mkataba au saa za kazi unajibiwa kwa lengo kubwa. Hackman mwenyewe anauweka mwelekeo kama sharti moja kati ya kadhaa. Baada yake kuna muundo wa kazi, kuna msaada wa taasisi, kuna mtu wa kuwanoa. Bosi anayekupa lengo akakunyima nyenzo amekupa kipande tu.

Kwenye kazi ya kundi ya semista hii nimejaribu kile cha vipande vya karatasi. Tulikuwa watu saba. Watatu waliandika wanataka A. Wawili waliandika wanataka wasipate sapu tu. Mmoja aliandika anataka kuielewa mada kwa sababu ndiyo atakayoifanyia utafiti wa mwaka wa mwisho, na mmoja alirudisha karatasi tupu. Kwa mara ya kwanza hatukugombana usiku wa mwisho, kwa sababu wale wawili wa sapu walijulikana mapema, wakaomba sehemu ndogo inayoeleweka, wakaifanya vizuri na kwa wakati. Mwenye karatasi tupu alibebwa kama kawaida. Siwezi kusema dawa inatibu kila ugonjwa.

Wewe unayekwenda field mwezi wa saba, jaribu hili. Siku ya kwanza wengi huwa tunauliza, "Bosi, mimi nitafanya nini?" Unapewa kupanga mafaili. Subiri wiki moja, ukishazoeana na watu, muulize mkubwa wako wa kitengo kwa heshima zote, "Samahani mzee, mwezi huu ofisi yetu inahangaikia nini zaidi?" Halafu siku nyingine muulize karani, na dereva, na mhudumu wa mapokezi swali lilelile. Usiwasahihishe, sikiliza tu. Majibu yakifanana, umepata mahali pazuri pa kujifunzia kazi. Yakiwa manne tofauti, angalia ni mteja gani anakaa kwenye benchi muda mrefu kuliko wote, maana huyo ndiye ambaye kila mmoja anaamini anahudumiwa na mwenzake.

TP yetu iliisha kabla ya mtihani. Mwezi Januari Madam alinitumia ujumbe: "Mwanangu mwalimu, matokeo yametoka." Nikampigia, tukaanza na shikamoo na marahaba, kisha akanisomea. Kati ya wale 41, 29 walipata daraja la nne na 12 sifuri. Daraja la kwanza zilikuwa tatu, pungufu ya moja kuliko mwaka uliotangulia, na mwalimu wa taaluma hajaacha kulitaja. Wanne wangu, watatu walivuka. Aliyebaki ni kijana aliyekuwa anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, mpaka leo najiuliza ni wapi nilimkosea.

Yule binti alipata D mbili, Kiswahili na Biolojia. Historia alipata F.